Gauni la Tokyo

Jumatatu, 4 Machi

Picha ya mfanyakazi bora imebandikwa tena ukutani. Kamusi! Mwezi wa tatu mfululizo! Huyu hukaa meza ya pili hapa ofisi ya tiketi. Tulimpa jina hilo kwa sababu kila kitu anakijua, na atakwambia tu, hata hujamuuliza.

Leo kaja mshonaji, shangazi yake bosi. Binti yake anaolewa Tokyo Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Gauni kashona mwenyewe, atalibeba mwenyewe. Anapitia Bangkok kununua lesi ya shela. Kamusi kampangia aondoke Bangkok Ijumaa. Shangazi kalalamika kuwa hatapata muda wa kuchagua lesi.

Mwanya huo!

Jumanne, 5 Machi

Kamusi alipotoka kidogo, nikamsogeza shangazi hadi Jumamosi. Sikukurupuka. Nilipima ramani kwa uzi: kilomita elfu nne na mia sita hivi. Saa sita hewani. Anaruka saa tano asubuhi, anatua saa kumi na moja jioni. Saa nzima ya kujipodoa! Shangazi kaniita mwanangu. Bosi kanipa mkono.

Kamusi karudi, kaona, kaninong'oneza kuwa saa za Tokyo ziko mbele kwa saa mbili, harusi itaharibika. Nikamwambia wivu utamuua. Saa ni saa! Rubani anabadilisha nini, jua?

Kasema basi atamwambia bosi. Nikamwambia shangazi tayari yuko njiani. Kweli, alikuwa anashuka ngazi za ofisi.

Jumamosi, 9 Machi

Bosi kapiga simu. Nimeiweka mbali na sikio na bado nimesikia yote. Shangazi katua saa moja jioni. Ukumbi umejaa, wageni wanapiga miayo, bibi harusi amekaa na kanga, analia. Kisha foleni ya pasipoti. Kisha msongamano wa magari.

Wamefunga ndoa karibu saa nne usiku.

Jumapili, 10 Machi

Nimelitafakari kwa utulivu. Kamusi alidai harusi itaharibika. Haikuharibika, ilichelewa. Vitu viwili tofauti! Tena bila gauni nani angeanza? Kwa hiyo shangazi hakuchelewa. Wageni ndio waliowahi.

Nimemweleza bosi hivyo. Kanihamishia chumba cha nyuma, kubandika anwani kwenye bahasha. Kaniambia nisiguse simu.

Jumatano, 13 Machi

Kamusi katoka kula. Simu ikalia. Ikalia tena. Mteja ni mteja! Mfanyabiashara, anataka kujua Bangkok hadi Delhi ni muda gani. Safari hii sikuleta ubishi na saa za watu. Nikaangalia kwanza: Delhi ziko nyuma. Nyuma! Nikamhakikishia kwamba akiondoka asubuhi atafika jana yake jioni, alale, aamke mzima.

Akakata simu palepale. Kaenda kufunga mizigo, bila shaka.