Tumbo la Biri

Sele wa Nguvumali hakuwa mwizi, astaghfirullah. Mwizi huvunja mlango. Sele alifunguliwa na kukaribishwa kahawa. Basi aliposikia kuwa Mzee Harub wa Raskazone anatafuta biri, zile sigara nene za wakubwa, awatambie wakwe wanaokuja kutoka Maskati, na alipoiona Vespa kuukuu ya mzee inavyong'aa barazani, alijua riziki imemwita kwa jina. Hotelini palikuwa na Mzungu aliye radhi kuitolea Vespa ya zamani chochote.

Akajifungia chumbani. Nje akaviringisha jani zuri la tumbaku, laini, liwe koti la biri, maana macho hula koti kwanza. Ndani akashindilia majani makavu ya mgomba. Na kwa kuwa majivu ya biri njema husimama yasianguke, katikati akapitisha spoku ya baiskeli. Wajinga ndio waliwao, akajisemea.

Alifika kwa Harub na bodaboda yake, iliyokuwa ikiwalisha wanawe, akatoa shikamoo ya adabu, akaanza kuhubiri. Biri, akasema, ni majani ya aina tatu: ya tumbo yanayotoa ladha, la kufungia linaloshika tumbo, na koti la nje. Ukishindilia mno haivutiki, ukilegeza inaungua ovyo. Boksi zima lilikuwa lake mzee, kwa Vespa ile tu.

"Koti lisikudanganye, mzee. Biri ni tumbo."

"Maneno ya hekima hayo," akajibu Harub. "Basi mgeni avute kwanza."

Mgeni hutangulizwa, na desturi haikataliwi. Sele akawasha, akameza moshi wa mgomba huku machozi yakimtoka, akasifu utamu wake. Majivu yakasimama wima, wallahi. Lakini spoku nayo ikapata moto, joto likamfikia mdomoni. Akaungua, akatabasamu, kwani angetema biashara ingekufa. Harub, aliyezeeka akiuza vipuri vya baiskeli, akaitazama ncha ya chuma iliyochungulia kwenye majivu.

Kisha akasema biri amezipenda, ila Vespa ni kumbukumbu ya marehemu baba yake, haitoki kwa boksi peke yake. Labda na pikipiki ya Sele iongezwe. Sele akamkumbuka Mzungu wake, akakabidhi funguo hapo hapo. Hata alipoambiwa petroli imekwisha, aisukume tu mpaka sheli, alishukuru.

Akaisukuma, jasho linamchuruzika, mdomo umevimba. Alipofika sheli akafungua kifuniko cha ubavuni. Injini hamna. Palikuwa na makumbi ya nazi, yameshindiliwa kwa ustadi, yamefungwa na gunia.

Watoto watakula nini kesho? Akampigia Harub simu.

"Mzee, Vespa haina injini."

"Koti lake si zuri?" akauliza Harub kwa upole. "Wewe ndiye uliyenifundisha kutazama tumbo, mwanangu. Mwenyewe hukutazama?"

Kwenye simu, nyuma ya sauti ya mzee, Sele aliisikia pikipiki yake ikiwashwa.