Daktari wa Meno na Seremala

Jumatatu, 5 Februari 2007
Swali la miaka mingi: je, yafaa kuipenda hadithi ilhali wapendanao wake huwapendi? Nimeazima maktabani kitabu cha kusikiliza, cha CD, kuhusu wanaume wawili wanaopendana. Daktari wa meno ana kiburi. Seremala amenuna sura nzima kwa ajili ya rafu ya vitabu. Nisingemkaribisha chai yeyote kati yao. Hata hivyo, nimeosha sahani moja mpaka sura ikaisha.

Jumatano, 7 Februari
Wifi yangu Mize amenikuta jikoni, hedifoni masikioni, nalia mbele ya vitunguu ambavyo sijavimenya. Kulikoni? Nikamsimulia, nikiliegemea neno "yeye", lisilofichua mume wala mke. Yeye kamnunia mpenzi wake. Mpenzi wake kaondoka. Mize akaamua mwenyewe kwamba daktari ni mwanamke. Sikusema uongo. Sarufi ndiyo iliyonyamaza. Nadhani.

Ijumaa, 9 Februari
Nimechoka. Mize amegombana na mchumba wake, Feisal wa mtaa wa Aston, wala hapokei simu zake. Leo katangaza: seremala akianza kuomba radhi, basi na Feisal aanze; daktari akianza, atapiga simu yeye Mize. Saluni nzima ya Batula, hapa mtaani Alum Rock Road, ambako Mize keshaisimulia hadithi, iko upande wa "bibi daktari". Batula kasema mwanamke aliyesomea meno ya watu hamwangukii fundi mbao.
Nimemaliza CD ya mwisho. Hakuna aliyeomba radhi. Wamepaka rafu rangi, wakala tosti. Mwisho dhaifu mno. Nililia tena. Kisha nikamwambia Mize kwamba daktari ndiye aliyeanza.

Jumapili, 11 Februari
Mize alimpigia Feisal jana, akaomba radhi; harusi iko palepale. Nilikuwa najipongeza alipoingia na CD zangu mkononi. Kazisikiliza zote. Wifi, akasema kwa upole, hakuna aliyeomba radhi, na wote wawili wana ndevu. Ndevu hazikumkera. Aliuliza tu samahani yake atarudishiwa na nani.
Nikamkaribisha chai. Lile swali la mwanzo nalo sijalijibu: ingebidi niisikilize upya sura ya mwisho, na Mize hazitoi CD mpaka arudie pale penye rangi.
Sehemu ya pili nimeshaiagiza. Jioni Batula kapiga simu kuuliza kama bibi daktari ameshashika mimba. Nikamjibu kwamba yeye na mpenzi wake bado wanatafakari.