Binti Yako Ameondoka na Kiti cha Gari

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini magoti yanaendelea vizuri na Mama hajambo. Huku mimi ni mzima, ila niko peke yangu.

KUHUSU: KUREJESHWA KWA KITI CHA MBELE PAMOJA NA ALIYEKICHUKUA

Baba, naandika kwa heshima zote, maana simu zangu hupokei. Wewe ndiye uliyetupa lile gari siku ya harusi yetu, ukaniambia nilitunze kama nitakavyomtunza binti yako. Neno hilo sijalisahau hata siku moja. Ndiyo maana nashangaa kusikia kwamba mwenye lawama ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Boneti. Gari la miaka arobaini haliwezi kwenda na wakati kwa injini ndogo vile. Nikaamua liwekewe injini ya silinda sita, na injini hiyo ni ndefu, haifunikiki. Fundi wangu, ambaye watu humwita Msumeno, si mtu wa kupoteza muda kwa kupimapima. Boneti aliitoa kabla sijamaliza chai. Binti yako akauliza mvua ikinyesha itakuwaje. Nikamweleza kwa upole kwamba injini kubwa inahitaji hewa. Akaingia zake ndani anacheka. Baba, mke kumcheka mume kisogoni ni malezi ya wapi? Hili naomba ulijibu wewe, maana mimi nilimpokea ameshalelewa.

2. Madigadi. Matairi mapana hayakai ndani ya madigadi ya zamani, hata mtoto mdogo anajua. Tukayakata yote manne. Sasa binti yako ni mkunga, na sare yake ni nyeupe. Siku ya kwanza nilipompeleka zamu alifika ana matope mpaka masikioni, na mama mjamzito aliyekuwa anamsubiri akaomba aitiwe mkunga mwingine. Kosa langu liko wapi? Badala ya kuyasifu matairi, alisusa kupanda gari wiki nzima. Anakwenda kazini kwa miguu na mumewe ana gari! Watu watasemaje?

3. Hili linakuhusu wewe, Baba, niwie radhi. Ulipokuja kututembelea nilikupeleka uani kwa furaha, nimeshatoa buti na milango ya nyuma ili kupunguza uzito. Ulilizunguka mara mbili, mikono nyuma, halafu ukaniuliza gari lenyewe liko wapi. Mbele ya fundi! Msumeno akajifanya anatafuta spana. Iliniuma, wallahi.

4. Kiti. Gia za injini kubwa nazo ni kubwa, zinataka kupita pale abiria anapoweka miguu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, basi kiti cha mbele kikatolewa. Sikumnyima binti yako mahali: nilimwambia akae nyuma kama mheshimiwa. Ni kweli kwamba wiki iliyofuata kiti cha nyuma nacho kilitoka, kwa kuwa tanki la mafuta lazima likae mahali. Hapo nikampa ndoo. Ndoo safi kabisa, Baba, niliiosha mwenyewe, nikaigeuza na kuweka mto juu. Alinitazama mpaka nikasahau nilichokuwa nasema.

5. Ukuta wa jiko. Kwa matairi yale gari halipiti getini, kwa hiyo geti nilishaling'oa. Likabaki jiko, ambalo limejitokeza uani kiasi cha mita moja bila sababu yoyote. Nilikuwa naupima ukuta, Msumeno ameshika upande wa pili wa tepu, binti yako alipotoka na begi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu baada ya jiko kitafuata nini. Na mimi, kwa kuwa si mtu wa kumdanganya mke wangu, nikamwambia chumba cha kulala tutaona. Akaita mtu wa mkokoteni, akapakia begi, akapakia na kile kiti, huyo. Ndoa ya miaka kumi na miwili, jamani! Hata kwaheri hakuna.

Nasikia mmekiweka sebuleni, na jioni wewe ndiye unayekikalia ukisoma gazeti. Kiti kile ni cha gari, Baba, na kadi ya gari ina jina langu.

Kwa hiyo naomba kiti kirudi, na binti yako arudi nacho. Msumeno amekwisha piga hesabu: akipungua kilo sita, anaenea vizuri kati ya tanki na betri. Ni mtaalamu, hasemi ovyo. Ukimshauri kama mzazi, kwamba mke mwema hupunguza mwili ili mumewe aongeze mwendo, nina hakika atakusikiliza.

Msalimie sana Mama, shemeji zangu wote wakubwa kwa wadogo, na yule jirani yenu anayenicheka.

Ndimi mkweo, mwenye subira na mwenye gari.

N.B. Injini haijafika. Kusema kweli, sijainunua. Nilitaka nafasi iwe tayari kwanza. Jana nilimbana Msumeno, kumbe naye hajawahi kuiona injini ya aina hiyo, ameisikia tu kwa watu. Ile ndogo ilikuwa inawaka mara moja ukigusa ufunguo, na niliitoa kwa mikono yangu hii. Kiti bakini nacho. Jikoni sijagusa kitu, kikombe chake cha chai bado kipo pale alipokiacha, sijathubutu kukiosha. Jumamosi nitakuja kwa miguu, ni mwendo wa saa tatu hivi. Nikigonga, Baba, naomba afungue yeye.