Jakuzi la Mzee Mdoe

Jumatatu, 7 Julai 2025
Saba Saba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimepewa ahadi. Mzee Mdoe, mwenye gesti hii ya Manundu ninayoitunza, kanunua jakuzi la mtumba, yaani beseni la kuogea linalotoa mapovu kwa pampu, na kuliingiza bafu la chumba namba tano. Jumamosi binti yake anaolewa, maharusi watafikia humo. Kabla ya kuondoka kwenda shambani kwake Handeni kasema hivi: atakayelifanya litoe mapovu kabla maharusi hawajafika, ndiye meneja. Kasema mbele yangu na mbele ya Gerald wa mapokezi. Gerald! Mtu anayeogopa kubadili balbu!
Nimeshampigia mama mkwe kule Lushoto kwamba mimi ni meneja. Kapiga vigelegele kwenye simu. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 8 Julai
Nimekagua. Tatizo dogo mno. Bomba la beseni na bomba la pampu hayakutani. Moja liko juu, jingine chini, tofauti vidole vinne, tena yamepishana kwa upande. Na pampu imeshajengewa kwa zege. Gerald kasema tumwite fundi Kibwana, atakata bomba aweke elbo mbili za kupinda kona, basi. Nimemjibu kwamba fundi akiitwa, umeneja utakuwa wa fundi. Karudi zake mapokezi. Nimemweza!

Jumatano, 9 Julai
Njia ya mafundi wa zamani: bomba la plastiki unalipasha juu ya mkaa, likilainika unalikunja upendavyo. Nimechukua jiko la mke wangu, Janeth. Lilikuwa na maharage, nimeyaweka pembeni. Bomba likalainika vizuri sana. Likalainika zaidi. Likadondokea kwenye mkaa. Moshi wake jamani! Mgeni wa namba mbili kahama na taulo kiunoni. Janeth kaniuliza kama mameneja huwa wanakula maharage mabichi. Nikaenda kunawa macho, yalikuwa yananiwasha.

Alhamisi, 10 Julai
Bomba jipya, akili mpya. Nimeunga pengo kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukaza kwa kamba ya katani niliyoomba kwa jamaa mmoja wa mashamba ya mkonge ya Mazinde. Mizunguko sitini! Nikawasha pampu. Mpira ukavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikamwita Gerald aje aone utaalamu. Akainama kutazama, ukapasuka! Tumeloa wote, ila yeye zaidi. Akiwa bado anachuruzika karudia habari ya Kibwana. Huyu mtu hana jina lingine kichwani?

Ijumaa, 11 Julai
Nimepata jibu nikiwa nanyoa ndevu. Kama bomba halilifuati beseni, beseni lilifuate bomba! Gerald kaniona nacheka peke yangu, kaingiwa na wasiwasi. Aendelee nao.

Jumamosi, 12 Julai, saa nne asubuhi, bafuni
NIMEWEZA! Nilifunga mlango Gerald asiniibie ujuzi. Nikaliinua beseni kwa mtaimbo, nikalikalisha juu ya mbao nilizopaka sabuni ya mche, nikasukuma kwa mgongo. Likateleza hadi bomba likatazamana na bomba. Sawia kabisa! Gundi. Maji. Swichi. Mapovu! Halivuji hata tone. Nimelia kidogo.

Saa tano
Nilitaka kutoka nikatangaze. Mlango huu unafungukia ndani. Beseni limeuegemea. Limejaa maji, gundi imekauka, msumeno uko mapokezi na dirisha lina nondo.

Saa saba
Honi na matarumbeta. Mzee Mdoe kachungulia dirishani. Nimempa shikamoo kupitia nondo. Kaitikia marahaba, kisha kauliza ninafanya nini bafuni kwa binti yake. Nimemwonyesha mapovu. Nyuma yake kulikuwa na vigelegele, vikakatika ghafla. Mama mkwe! Kumbe Janeth kamwalika aje kumwona meneja. Aibu iliyonipata sina pa kuiweka.

Jumapili, 13 Julai
Jana mlango wa mninga ulipasuliwa kwa shoka. Mwenye shoka ni Kibwana, aliyeitwa na Gerald. Kakata bomba langu, karudisha beseni mahali pake, kaweka elbo mbili. Dakika hamsini. Maharusi wamehamia gesti nyingine, maana bibi harusi kakataa bafu lisilo na mlango. Gerald ni meneja. Mama mkwe kapanda basi bila kuniaga, na hilo limeniuma kweli. Mimi nahamishiwa Handeni, shambani kwa mzee, kufukuza nyani.

Jumatano, 16 Julai, Mazingara, Handeni
Nyani ni wengi na hawana adabu. Nimepata muda wa kutafakari. Kosa lote lilikuwa la mlango. Seremala angeufanya ufungukie nje, leo hii mimi ningekuwa meneja.
Hapa kuna kisima cha pampu. Mama Maryamu, msimamizi wa shamba, analalamika kwamba bomba la kisima na la tangi yanapishana kama shubiri moja. Alikuwa ameshashika simu ampigie fundi. Nimemwambia asisumbuke, yupo mtaalamu. Kesho asubuhi nalisogeza tangi. Lina lita elfu tano na limejaa. Litasogea tu.