Samaki Kumi na Mmoja Kwenye Kisiki

Jumatano asubuhi, uji wangu ukiwa bado haujachemka vizuri, Wakili alifika kijiweni na gazeti limekunjwa kwapani. Jina lake ni Luseno, karani wa ghala moja huko Industrial Area. Hapa kwenye benchi langu la uji, nyuma ya Soko la Burma, mimi wananiita Shosho, yaani nyanya, naye tunamwita Wakili kwa sababu hata ukimwambia mvua imenyesha atataka ushahidi.

"Shosho, nipe uji, na si kwa kile kikombe chenye ufa. Leo kuna habari nzito."

"Zako huwa nzito kila siku," akasema Teresiah, fundi wa nguo, ambaye jina lake la hapa ni Sindano. Alikuwa anapinda suruali ya mteja, ameilaza magotini. "Juzi umetuweka nusu saa na mbuzi aliyekula cheti cha ndoa."

"Na si kulikuwa na picha?"

"Ya mbuzi. Cheti hatukukiona."

Mwisho wa benchi walikuwa wamekaa wale wawili ambao hukaa bega kwa bega kila siku. Mmoja ni Mzee Mativo, mchongaji, tunayemwita Patasi. Wa pili ni Kiema, dereva wa lori, yaani Dere. Macho ya Patasi yameingia ukungu na haoni tena kama uji unatoa mvuke, kwa hiyo Dere humpulizia kikombe kwanza. Dere ana pengo la jino mbele, na akipuliza hutoa mluzi. Ukisikia mluzi ujue Patasi yuko karibu kunywa.

Wakili alifungua gazeti. "'Samaki wa ajabu wapatikana mtoni,'" akasoma. "'Wakazi wa kijiji kimoja kwenye miteremko ya mlima wamepigwa na butwaa baada ya ukame kupunguza maji ya mto unaojulikana kwa samaki aina ya trauti. Kisiki kilichokuwa chini ya maji kimejitokeza, na juu yake wananing'inia samaki kumi na mmoja weusi, waliochongwa kwa mbao.'"

Mluzi ulikatika.

"Endelea," akasema Patasi.

"'Mhubiri mmoja amekiombea kisiki hicho akiwa ng'ambo ya mto. Mwakilishi wa wadi ameahidi kujenga ua kukizunguka. Naye afisa wa utamaduni amesema samaki hao wana umri wa takriban miaka mia mbili, na ni kazi ya jamii iliyokuwa na ustadi mkubwa.'"

Dere aliinua kikombe chake akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu, nilikuwa sijamwekea.

"Sindano," akasema Patasi polepole, "wewe una macho. Hebu angalia hiyo picha. Kwenye mkia kuna mistari mitatu?"

Teresiah aliweka suruali chini akainamia gazeti. "Mitatu, Mzee."

"Na jicho la kushoto limelizidi la kulia?"

"Limezidi sana."

"Miaka mia mbili," akasema Patasi. "Huyo wa mwisho nilimchonga Februari."

Niwaeleze. Dere hupeleka chakula cha samaki kwa shamba moja la trauti huko mlimani kila Jumamosi. Lori likipakuliwa, meneja humruhusu avue kwenye mto unaopita pale. Patasi ndiye humchongea chambo, samaki wa mbao wa urefu wa kidole, ili trauti amwone, adhani ni chakula, aume. Kwa mwaka mzima amechonga kumi na mmoja. Kwa mwaka mzima Dere amerudi mikono mitupu na hadithi. Na Jumanne iliyofuata Patasi alikuwa anaenda kupasuliwa macho. Alikuwa ametuambia hapa hapa: "Nimewadanganya watalii miaka arobaini kwamba simba wangu anawaangalia. Kabla daktari hajanigusa, nataka nimdanganye samaki mmoja tu."

"Dere, buda," akasema Wakili kwa sauti ya mahakamani. "Mwaka jana, mwezi wa tatu, ulituambia nini hapa?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ulisema samaki amekata uzi, samaki wa ukubwa wa mtoto wa darasa la pili. Wa mwezi wa tano alikuwa kama tairi la akiba. Kumbe ni kisiki."

"Si wote walikuwa kisiki."

"Kumi na mmoja, Dere. Gazeti limehesabu."

"Kisiki kimoja mara kumi na moja," akasema Teresiah. "Kwani mlikuwa mmechumbiana?"

Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Patasi hakucheka. Aliingiza mkono mfukoni akatoa chambo cha kumi na mbili, cheusi, kinang'aa kama mbegu ya tikiti. Alikuwa amekileta ampe Dere siku ile. Akakishika, hakumpa.

"Ulikuwa unavua vipi?" akauliza.

"Narusha. Kinazama. Nikivuta, kinashika."

"Kikishika unafanya nini?"

"Navuta zaidi."

Teresiah alipiga paja. "Dereva wa lori. Likikwama kwenye matope anakanyaga mafuta."

"Sasa nifanyeje, nikibembeleze?"

"Ndio. Lete mkono." Teresiah alichoma sindano kwenye pindo nene la suruali. "Ona. Imeingilia hapa. Ukiivuta kwa upande wa pili inajikaza. Itarudi kwa tundu lile lile ililoingilia. Wewe kikishika, legeza uzi kwanza, tembea ukingoni mpaka uwe upande wa pili wa kisiki, ndio uvute, pole pole."

"Na hiyo ndoano ina matawi matatu," akaongeza Wakili, aliyekuwa amekiinamia chambo kama kielelezo cha mahakamani. "Ni kama kumrusha paka ndani ya pazia halafu umwambie atoke. Weka ya tawi moja."

"Wakili, wewe umewahi kuvua?"

"Nimewahi kununua samaki."

"Tena si uanze kuvuta mara tu kikigusa maji?" akasema Teresiah. "Usikiache kilale huko chini."

"Hata nikianza mapema," akasema Dere, "kinashuka tu." Akauficha uso kwenye kikombe chake kitupu kama mtu aliyeropoka.

Niliona hapo pana jambo. Nilikuwa na karai la kuoshea vikombe mbele yangu, maji safi. "Mzee, nisaidie hicho," nikasema. Patasi akanipa. Nikakiweka juu ya maji taratibu. Kilikwenda chini moja kwa moja, tukasikia kikigonga karai.

"Ni mpingo," akasema Patasi. "Mpingo huzama, hata mtoto anajua. Nilitaka uzame. Samaki si anaishi chini? Nikasema nimpelekee mlangoni."

"Umempelekea kweli," akasema Wakili. "Ila nyumba ni ya kisiki."

Patasi alimgeukia Dere. Hakuwa anamwona vizuri, lakini alimgeukia. "Ulijua?"

Dere alikuwa anaangalia viatu vyake. "Tangu wa pili."

"Na ukanyamaza mpaka wa kumi na moja."

"Mzee, ule mpingo ulikuwa umeuweka miaka mingapi?"

"Tangu nilipokuwa najifunza kuchonga kule Wamunyu. Nilipewa na aliyenifundisha kazi."

"Watalii uliwapa mjakaranda uliopakwa rangi ya viatu. Mimi ukanipa mpingo. Sasa mtu amekupa mpingo, unaanzia wapi kumwambia unazama?"

Hapo hata Wakili hakuomba ushahidi. Nilimwekea Dere uji, nikaongeza na sukari ambayo hakuiomba.

Kisha nikauchukua mwiko wangu. Patasi ndiye alinichongea, wa mjakaranda, nina miaka tisa nao. "Huu haujawahi kuzama kwenye uji wangu hata siku moja," nikasema. "Nikiuacha unaelea mpaka nirudi." Nikautia kwenye karai. Ukaelea, ukazunguka, ukalala pale.

Patasi alipapasa majini akaupata. Akaupima kwa vidole kuanzia mwishoni mwa mpini. "Shosho, unaweza kupikia mwiko mfupi?"

"Mkono wangu bado ni mrefu."

Akakata pale pale. Alichonga kwa vidole zaidi kuliko kwa macho, na Dere alikuwa anamwambia, "Kushoto kidogo, Mzee. Hapo." Saa nne ilipofika samaki alikuwa tayari, mweupe, ana mistari mitatu mkiani. Teresiah akamfunga ndoano ya tawi moja. Tukamtia kwenye karai akaelea, na ukimvuta kwa uzi anazama kidogo, ukimwachilia anapanda mwenyewe.

"Haya," akasema Wakili. "Dere, huyu naye akipotea, usije hapa na habari ya tairi."

Jumatatu tulikuwa wote kwenye benchi kabla ya saa moja. Dere alifika wa mwisho. Alikaa mahali pake, akapuliza uji wa Patasi kwanza, kisha akatoa kitambaa mfukoni. Ndani yake alikuwemo samaki wetu mweupe.

"Amerudi," akasema Teresiah.

"Amekwama mara nne. Mara zote nne nimelegeza uzi, na mara zote nne amepanda mwenyewe. Sikuvuta hata mara moja."

"Kwenye kisiki kile kile?"

"Kuna mlinzi sasa, na kamba ya njano. Aliniambia nisivulie karibu na samaki watakatifu. Nikamwambia hao watakatifu ni mimi nimewaleta. Akasema wewe ni wa sita leo kusema hivyo."

"Na trauti?" akauliza Patasi. Aliuliza taratibu sana.

Dere alivuta pumzi. "Aliuma. Nilimleta mpaka ukingoni, nikamwona mabaka yake. Halafu akajitikisa, akaenda."

Wakili akakunja mikono. "Akaenda," akasema. "Alikuwa mkubwa kama nini, gurudumu la treni?"

"Kama mkono wangu huu, mpaka kwenye kiwiko. Na safari hii kuna alama. Angalia tumboni."

Kweli, kwenye tumbo la yule samaki wa mbao kulikuwa na alama za meno. Wakili alimleta karibu na pua yake, akamgeuza, akamgeuza tena.

"Nani atanihakikishia hii si wewe umeuma ndani ya lori?"

"Luseno," nikasema, "hapo sasa umezidi."

"Shosho, nina historia ya mshtakiwa. Kumi na mmoja." Akachukua andazi kwenye sinia langu. "Dere, uma hapa. Uma tu, usile."

Dere aliuma. Wakili akaweka andazi na samaki pamoja juu ya gazeti, na wote tukainama. Kwenye andazi kulikuwa na meno mapana, na katikati pengo ambalo ungepitisha kidole. Kwenye samaki kulikuwa na vijitundu vidogo vidogo kama vya pini, vimepangana mstari mmoja, bila pengo.

Wakili aliangalia muda mrefu. "Mahakama," akasema, "imeridhika."

Patasi alinyoosha mkono akapewa samaki. Alipitisha kidole gumba juu ya vile vijitundu, akaenda nacho mpaka mwisho, akarudi nacho mpaka mwanzo. Alifanya hivyo mara nyingi. Sisi tulijishughulisha na uji.

"Ameuma kwa nguvu," akasema mwishowe. "Huyu alikuwa hana shaka kabisa."

Kisha akamrudisha kwenye kiganja cha Dere, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. "Jumamosi umpeleke tena. Huyo trauti nikitoka hospitali nataka kumwona."

"Na wale kumi na mmoja, Mzee?" akauliza Teresiah. "Tusiandike kwa gazeti, waseme ni kazi yako?"

"Waache. Miaka mia mbili ni mingi. Mimi sikutegemea hata kumi."

Jumanne alfajiri Patasi alipitia kwangu akielekea hospitali, Dere amemshika mkono. Aliniletea mwiko mpya badala ya ule alioukata. Mfupi, mzito, mweusi, unang'aa. Alikuwa ameuchonga kwa kipande cha mwisho cha ule mpingo wake. Nilimshukuru, naye akaenda akitabasamu.

Nikaukoroga uji, nikauacha mwiko kidogo niwashe jiko la pili. Nilipogeuka haukuwapo. Ulikuwa umezama mpaka chini ya sufuria.

Tangu siku hiyo kila asubuhi ninauvua kwa upawa, na mtu akija karibu najifanya natafuta bonge la unga. Jana Dere alinikuta nimeinama, navuta, upawa umenasa. Aliangalia ndani ya sufuria, akaniangalia mimi. Hakucheka.

"Usivute, Shosho," akasema kwa sauti ya chini. "Legeza kwanza."