Diwani Ollerenshaw Azindua Ukarabati wa Kiwanda Kisichoungua

Mheshimiwa Meya na mkufu wako wa dhahabu wa umeya, Baba Mchungaji, waheshimiwa madiwani mliohudhuria na mliotoa udhuru, kina mama mliosokota nyuzi humu ndani, wadau wa maendeleo, bendi ya tarumbeta, na wewe pia, Bibi Edna Thackray, uliyekaa mbele kabisa bila kualikwa: hamjambo! (Hatujambo! Tarumbeta moja inalia kabla ya zamu yake.)

Wana Hebblethorpe wenzangu, mnafahamu fika kwamba mwaka 1796 Bwana Josiah Garside, baada ya mshumaa mmoja kuteketeza kiwanda chake cha kwanza, chenye sakafu za mbao zilizolewa mafuta na vumbi la pamba, na wasokotaji wake kujitupa mtoni kupitia madirisha, alimwapia mkewe kwamba hatajenga tena kwa kitu kinachowaka, akasimamisha nguzo za chuma, akapinda matao ya matofali, akatandaza vigae, na watu wakamcheka kwamba amejenga jiko la mikate! (Kicheko.) Jiko hilo, waheshimiwa, halijaungua hadi leo, mafanikio ambayo kamati yangu inajivunia. (Bibi Edna: "Kwani ulikuwepo?")

Nilikuwepo kimkakati! (Vifijo.) Pamba ilipoondoka, wakaja watu wa shayiri ya bia, bia ikaondoka, wakaja askari, askari wakaondoka, wakaja njiwa, ambao kitakwimu wameongezeka kwa asilimia mia nne bila ruzuku yoyote! (Makofi.) Na sasa, kupitia uongozi wangu shupavu, shirikishi na endelevu, tunaleta lifti, makumbusho na nyumba sitini...

(Bibi Edna: "We Cuthbert Ollerenshaw, kamasi zako nilizifuta mimi! Mvua inaingia, nguzo zinaliwa na kutu. Masika mawili tu mengine, matao yatakuwa chini. Mnaanza lini?" Kelele: "Jibu! Jibu!")

Tumeshaanza, bibi yangu! Majukwaa ya mafundi si hayo ukutani? Hebblethorpe, juu! (Juu!) Chuma, hoyee! (Hoyee!) Kwa hiyo nakishukuru kikundi cha maigizo kwa kutuazima majukwaa hayo ya makaratasi, ambayo wanayahitaji saa tisa, namshukuru mhandisi mkuu, tukishampata, na wafadhili wetu, ambao barua zao zitaandikwa mara tu tutakapowajua ni kina nani. Asanteni sana!

(Bibi Edna anageukia umati: "Nani ana turubai nyumbani? Nani ana ngazi?" Mikono inanyooka uwanja mzima. Meya anavua mkufu, anaukabidhi kwa diwani aushike, anakunja mikono ya shati.)