Hotuba ya Kufunga Mafunzo ya Miezi Mitatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa wajumbe mliofika na mliotuma udhuru, wakuu wa vitengo, wakuu wa vitengo vilivyofutwa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, kuanzia na mimi Mkurugenzi Mkuu. (Makofi.)

Mtakumbuka kwamba, katika kutekeleza mageuzi ya kimuundo yenye tija shirikishi, nilimhamishia kila mtumishi wa Idara hii ya Maji mlango wa pili kulia kwake, ili kuvunja mazoea, na ndiyo maana leo fundi pampu wetu wa miaka kumi na tisa anachapa barua kwa kidole kimoja (kicheko), naye bibi mchapaji anasimamia pampu inayolisha mji mzima.

(Mchapaji: "Hata swichi ya kuzimia sijaonyeshwa, bosi!")

Ari hiyo ndiyo tunayoitaka, dada yangu! Wenye wivu wanadai utendaji umeshuka, ilhali takwimu nilizoziandaa mwenyewe zinaonyesha umepanda kwa asilimia mia moja na nne, na malalamiko ya wateja hayajanifikia hata moja tangu karani wa malalamiko awe mlinzi wa geti.

(Sauti ya nyuma: "Mabomba yamekauka tangu Jumatatu!")

Hilo ni pengo la mafunzo, ndugu, nami nimeliziba kwa Chuo cha Umahiri, chenye moduli sita, wakufunzi kumi na wawili na karakana ya kisasa. (Makofi ya wajumbe.)

(Mchapaji: "Jana mota imetoa moshi. Ikiungua, nani atafukuzwa?")

Swali zuri, na nimelijibu kimaandishi. Umahiri! (Wajumbe: "Kwa wote!") Mageuzi! ("Yaendelee!")

Namalizia kwa kumshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta. Wakufunzi, ambao tutawaajiri. Na ninyi wahitimu, kwa kukubali kuhitimu kabla chuo hakijapata kiwanja. Dada wa pampu, anza wewe: pokea cheti, kisha saini hapa kwamba umefunzwa miezi mitatu, na lolote litakaloipata mota ni juu yako.

(Fundi pampu: "Usisaini, dada!")

Fundi, chako cha uchapaji kipo pia. Si umekichapa mwenyewe? Mpeni dada kalamu.

(Mchapaji anaipokea, anaitia mfukoni, anamshika fundi mkono. "Twende ukanionyeshe hiyo swichi." Wanatoka. Watumishi wanawafuata.)

Jamani, mnakwenda wapi? Itifaki haijafungwa!